Barua za chama zinaangukia kwenye folda ya taka: tuanzie wapi kurekebisha?

Katibu_wa_Chama

Ndugu wanajukwaa, salamu kwenu.

Mimi ni katibu wa chama cha wanataaluma chenye wanachama wapatao 1,800, na pamoja na kazi ya ukatibu ndiye ninayesimamia mawasiliano yetu yote ya barua pepe. Tunatuma barua za aina mbili. Za kwanza hutoka moja kwa moja kwenye seva tuliyoikodi, inayotumia Postfix (programu ya kutuma na kupokea barua pepe), nazo ni stakabadhi za ada, viungo vya kubadilisha nenosiri na majibu ya maombi ya uanachama. Za pili ni jarida la kila mwezi, ambalo zamani lilitoka kwenye seva hiyo hiyo, lakini miezi miwili iliyopita tulilihamishia kwa kampuni inayotoa huduma ya kutuma barua kwa wingi.

Tangu wakati huo malalamiko hayaishi. Mwanachama analipa ada, stakabadhi haioni kwenye kikasha, anaandika kuuliza, na nikimwomba aangalie kwenye folda ya taka anaikuta huko. Wiki iliyopita mwanachama mmoja alikosa kuchagua wajumbe wa kamati kwa sababu kiungo cha kubadilisha nenosiri kilifikia kwenye taka, na alipokiona muda wake ulikuwa umekwisha. Jambo hilo limeniuma sana, kwa kuwa ni haki yake na sisi ndio tuliopaswa kuilinda.

Nimejaribu mengi. Nimeandika upya vichwa vya habari, nimeondoa alama za mshangao na neno "bure", nimepunguza picha, na nimewaomba wanachama wabonyeze "Si taka". Tulipojiunga na ile kampuni nilifuata maelekezo yao nikaongeza rekodi ya SPF (inayotaja seva zinazoruhusiwa kutuma kwa jina letu) kwenye DNS yetu, yaani orodha ya umma ya taarifa za domeni, na baadaye nikaweka rekodi ya DMARC (inayomwambia mpokeaji afanye nini barua ikishindwa ukaguzi) yenye `p=none`, yaani asichukue hatua yoyote, kama nilivyoelekezwa mahali pengine. Hakuna kilichobadilika. Naomba kuelimishwa: je, ni maneno yaliyomo kwenye barua, au kuna jambo jingine ninalolipita?

Mlinzi_wa_Lango

Ndugu Katibu, kabla ya kubadilisha neno jingine lolote kwenye barua zenu, tuletee vichwa vya barua vilivyoandikwa na seva iliyoipokea. Fungua barua moja iliyoangukia kwenye taka, nenda kwenye menyu yake, chagua kuona chanzo kamili cha barua, kisha utafute mistari inayoanza na `Authentication-Results`. Hapo mpokeaji ameandika mwenyewe alichokiona alipokagua utambulisho wenu. Leta ya barua iliyotoka kwenye seva yenu na ya jarida pia, kwa sababu njia zilizopita ni mbili tofauti. Jina halisi la domeni yenu lifiche, tumia `chama.example`.

Katibu_wa_Chama

Ahsante sana. Hii ni ya stakabadhi iliyotoka kwenye seva yetu:

`Authentication-Results: mx.mpokeaji.example; dkim=none; spf=permerror smtp.mailfrom=chama.example; dmarc=fail header.from=chama.example`

Na hii ni ya jarida:

`Authentication-Results: mx.mpokeaji.example; dkim=pass header.d=huduma.example; spf=pass smtp.mailfrom=rejesho.huduma.example; dmarc=fail header.from=chama.example`

Hii ya pili ndiyo inayonichanganya zaidi. SPF imepita, DKIM imepita, halafu DMARC imeshindwa. Inawezekanaje?

Mlinzi_wa_Lango

Sasa tumepata pa kushika. Naomba tuzisome barua hizi mbili moja baada ya nyingine, kwa kuwa dalili ni moja lakini maradhi ni mawili.

Nianze na hiyo inayokuchanganya. Mfumo wa SMTP, ambao kanuni zake za awali ziliandikwa mwaka 1982, ulijengwa bila njia yoyote ya kuhakikisha kwamba anayejitambulisha kuwa fulani ndiye kweli. Isitoshe, kila barua pepe hubeba anwani mbili za mtumaji. Ni kama barua ya karatasi: kuna jina lililoandikwa nyuma ya bahasha ili posta ijue pa kuirudisha ikishindwa kufika, na kuna jina lililotiwa chini ya barua yenyewe, ambalo ndilo msomaji analolisoma. Kwenye vichwa ulivyoleta, jina la bahasha ni `smtp.mailfrom` na jina analoliona msomaji ni `header.from`.

SPF hukagua bahasha tu. Inauliza: je, domeni iliyoandikwa nyuma ya bahasha inairuhusu anwani hii ya IP (namba ya seva kwenye mtandao) kutuma kwa niaba yake? DKIM nayo ni lakiri: domeni fulani imeigonga barua kwa ufunguo wake wa siri, na mpokeaji anaihakiki kwa ufunguo wa umma uliowekwa kwenye DNS ya domeni hiyo. Hakuna kati ya hizo mbili inayojali ni jina gani msomaji analiona. Ndiyo maana ikaja DMARC, ambayo inauliza swali moja zaidi: je, angalau moja kati ya SPF na DKIM imepita, na jina lililopita linalingana na lile analoliona msomaji?

Sasa lisome jarida lenu tena. Bahasha ni ya `huduma.example`, ikapita. Lakiri ni ya `huduma.example`, ikapita. Lakini msomaji anaona `chama.example`. Kampuni imejithibitisha yenyewe, na vizuri kabisa. Ninyi hamjathibitishwa na mtu yeyote. Mpokeaji akiitazama barua hiyo haoni tofauti kati yenu na tapeli aliyejiunga na kampuni hiyo hiyo akaandika jina la chama chenu kwenye sehemu ya mtumaji.

Dawa yake iko ndani ya akaunti yenu kwenye kampuni hiyo. Tafuteni sehemu ya kuthibitisha domeni. Kwa kawaida watakupa rekodi mbili au tatu za kuweka kwenye DNS yenu, mara nyingi za aina ya CNAME (zinazoelekeza jina moja kwenye jingine), na baada ya hapo barua zitapigwa lakiri ya `d=chama.example` badala ya yao. Wakikupa pia uwezo wa kutumia domeni ndogo yenu kwa ajili ya bahasha, uchukue, ingawa lakiri peke yake inatosha kuifanya DMARC ipite.

Tuje kwenye stakabadhi. Neno `permerror` maana yake ni kwamba mpokeaji ameshindwa kuisoma SPF yenu kwa sababu imeandikwa kinyume cha kanuni. Niko karibu na uhakika kwamba ulipofuata maelekezo ya kampuni uliongeza rekodi mpya ya SPF na kuiacha ile ya zamani ilivyo, hivyo sasa mna mistari miwili inayoanza na `v=spf1`. Kanuni inaruhusu mmoja tu kwa kila domeni. Ikikutwa miwili, mpokeaji hachagui ulio bora wala haiunganishi. Anaitupa yote na kuandika kosa. Kwa hiyo siku mlipoongeza rekodi ile ndiyo siku seva yenu wenyewe, iliyokuwa ikitambuliwa vizuri, ilipopoteza utambulisho wake.

Watu wengi wangekuambia uunganishe rekodi hizo mbili ziwe moja. Kwa hali yenu mimi nasema ifuteni kabisa hiyo ya kampuni. Bahasha ya jarida inabeba jina lao, kwa hiyo mpokeaji anasoma SPF yao na wala haifikii yenu. Kuiweka kwenye rekodi yenu hakuna faida, na kuna gharama, kwa sababu SPF inaruhusu maulizo ya DNS yasiyozidi 10, na kila `include` (agizo la kusoma pia rekodi ya domeni nyingine) ni ulizo moja, pamoja na yale yaliyofichwa ndani yake. Mashirika mengi huongeza huduma moja baada ya nyingine, na siku moja ulizo la kumi na moja linazivunja zote, bila mtu kujua ni kwa nini. Rekodi yenu iwe fupi tu:

`v=spf1 ip4:203.0.113.25 -all`

Bila shaka utaweka anwani halisi ya seva yenu. Halafu seva yenu haipigi lakiri kabisa, ndiyo maana umeona `dkim=none`. Sakinisha OpenDKIM au Rspamd, programu zinazopiga lakiri, iunganishe na Postfix, utengeneze ufunguo wa biti 2048. Angalizo moja hapa: ufunguo wa umma wa ukubwa huo ni mrefu kuliko herufi 255, ambazo ndizo kikomo cha kamba moja ndani ya rekodi ya TXT (rekodi ya maandishi ya DNS), kwa hiyo lazima ukatwe vipande viwili vilivyofungwa kila kimoja ndani ya alama zake za nukuu. Baadhi ya paneli za DNS hukata zenyewe, nyingine huukata ufunguo katikati na kutupa kilichobaki bila kukuonya. Ukishahifadhi, usome tena kwa amri ya `dig` (inayouliza DNS) uhakikishe herufi ya mwisho ipo.

Mama_Jarida

Ndugu Katibu, pole kwa lililompata mwanachama wenu. Mlinzi amekueleza vizuri upande wa utambulisho, nami nasema ufanye kila alichokuagiza kabla ya kunisikiliza mimi. Ila naomba usidhani kwamba utambulisho ukishapita, kikasha kimefunguka. Mtumaji wa barua taka naye anaweza kuweka SPF, DKIM na DMARC, tena wengi wao huziweka kwa uangalifu kuliko sisi. Utambulisho unamwezesha mpokeaji kujua wewe ni nani. Baada ya hapo ndipo anapoanza kukumbuka umekuwa ukifanya nini.

Nimehariri na kutuma majarida kwa muda mrefu, na swali la kwanza ninalomuuliza kila anayekuja na tatizo kama lako ni hili: hao watu 1,800 walifikaje kwenye orodha? Umeandika kwamba ni wanachama, sawa. Je, wamo waliojitoa? Wamo waliohudhuria mkutano mara moja wakaandika anwani kwenye karatasi ya mahudhurio? Wamo ambao hujawaandikia kwa miaka mitatu, kisha ukawarudisha ulipohamia kwenye huduma mpya? Anwani iliyoachwa na mwenyewe inaweza kufungwa, na baada ya muda ikafunguliwa tena na mtoa huduma kama mtego, isiyo na mtu ndani yake, inayosubiri kuona ni nani anayeiandikia bila kuombwa. Orodha yenye anwani za namna hiyo inakuweka kundi moja na wanaonunua anwani, hata kama hujawahi kununua hata moja.

Tangu Februari 2024 Google na Yahoo wameweka masharti ya wazi. Anayetuma barua zipatazo 5,000 au zaidi kwa siku kwenda Gmail anatakiwa awe na SPF, DKIM na DMARC kwa pamoja, aweke njia ya kujiondoa kwa kubonyeza mara moja, na malalamiko yasifikie asilimia 0.3, huku wakishauri yabaki chini ya asilimia 0.1. Microsoft nao walifuata kwa barua za Outlook mwezi Mei 2025, wakidai uthibitisho huo huo kwa wanaovuka 5,000. Ninyi hamfiki idadi hiyo, lakini usijifariji nayo. Hebu piga hesabu: kama wanachama wenu wote 1,800 wangekuwa Gmail na barua zote zikafika kikashani, asilimia 0.3 ni watu 5 na kitu. Watu sita wakibonyeza "Ripoti taka" kwenye toleo moja, umeshavuka mstari. Na mtu hubonyeza hapo si kwa sababu anakuchukia, bali kwa sababu kitufe hicho kiko juu ya barua na kiungo chako cha kujiondoa umekificha chini kabisa kwa herufi za kijivu.

Ndiyo maana nasisitiza njia ya kujiondoa iwe rahisi kuliko ya kulalamika. Hakikisha jarida linabeba vichwa hivi viwili:

`List-Unsubscribe: <https://habari.chama.example/ondoka/8f3a>`
`List-Unsubscribe-Post: List-Unsubscribe=One-Click`

Cha pili kina sababu yake. Programu nyingi za usalama hufungua kila kiungo kilichomo kwenye barua ili kukikagua kabla mtu hajakiona. Kama kufungua kiungo peke yake kungetosha kumwondoa mtu, wanachama wangeondolewa bila wao kujua. Kichwa hicho kinasema kwamba kuondoka hufanyika kwa ombi la POST tu (ombi la kutuma taarifa kwa seva, si la kufungua ukurasa), ambalo wakaguzi hao hawalitumi. Aliyejiondoa asidaiwe nenosiri, asiulizwe maswali, na jina lake litoke ndani ya siku mbili. Lakiri ya DKIM nayo lazima ivifunike vichwa hivyo viwili, la sivyo havitambuliwi.

Nyuzi_Saba

Naomba niongeze mambo mawili, na kwenye moja nitofautiane kidogo na waliotangulia.

Ndugu Katibu aliuliza kuhusu maneno, na hakuna aliyemjibu moja kwa moja. Maneno yana uzito, lakini ni mdogo kuliko watu wanavyoamini. Kuna vichujio, kama SpamAssassin, vinavyojumlisha alama: picha nyingi bila maandishi huongeza kiasi, kiungo kilichofupishwa huongeza kiasi, kichwa cha habari chenye herufi kubwa tupu huongeza kiasi, na jumla ikifika 5, ambayo ndiyo kiwango chake cha kawaida, barua inawekwa alama ya taka. Kwa hiyo neno "bure" peke yake haliwezi kuiangusha barua iliyo safi, ila barua ambayo tayari imebeba makosa mengine inaweza kuvuka mstari kwa kitu kidogo. Nisingekushauri uandike kwa woga. Andika kama unavyozungumza na wanachama wako, weka toleo la maandishi matupu sambamba na lile la HTML, viungo vyote vielekee kwenye domeni yenu, na stakabadhi usiibebeshe matangazo.

La pili, angalieni fomu ya mawasiliano iliyoko kwenye tovuti yenu. Fomu nyingi zimetengenezwa kiasi kwamba mgeni akiandika anwani yake, seva inatuma barua ikijifanya imetoka kwa mgeni huyo. Kama domeni ya mgeni ina DMARC ya `p=reject` (inayoagiza barua iliyoshindwa ikataliwe), kama Yahoo walivyofanya tangu Aprili 2014, barua hiyo inakataliwa moja kwa moja, na hata isipokataliwa inaiharibia seva yenu sifa, kwa kuwa inaonekana inaghushi majina ya watu. Mtumaji awe anwani yenu wenyewe, na anwani ya mgeni iwekwe kwenye `Reply-To` (anwani ya kujibia). Ni mstari mmoja wa kubadilisha.

Katibu_wa_Chama

Ndugu zangu, nawashukuru kutoka moyoni. Nimeitikia kila mlichoniambia, na natoa taarifa.

Ni kweli kulikuwa na rekodi mbili za SPF, kama Mlinzi alivyosema bila hata kuziona. Nimebakisha ile ya seva yetu. Kwenye ile kampuni nimekuta ukurasa wa kuthibitisha domeni ambao sikuwahi kuufungua, nimeweka rekodi zao za CNAME, na jarida la majaribio nililojitumia linaonyesha `dkim=pass header.d=chama.example` na `dmarc=pass`. OpenDKIM imesakinishwa na inapiga lakiri. Fomu ya tovuti ilikuwa na kosa lile lile alilolitaja Nyuzi Saba, na nimelirekebisha.

Hata hivyo stakabadhi bado zina jambo. Tazameni:

`Authentication-Results: mx.mpokeaji.example; dkim=pass header.d=chama.example; spf=fail smtp.mailfrom=chama.example; dmarc=pass header.from=chama.example`

DMARC imepita kwa sababu ya lakiri, hilo sasa naliona. Lakini kwa nini SPF inashindwa ilhali anwani ya seva nimeiandika sawasawa? Nimeihakiki mara tatu.

Mlinzi_wa_Lango

Tafuta kwenye chanzo hicho hicho mstari wa `Received-SPF`, uone `client-ip` ni ipi. Nilipaswa kukuomba mstari huo tangu mwanzo.

Katibu_wa_Chama

`client-ip=2001:db8:41::25`. Hii siitambui.

Mlinzi_wa_Lango

Hiyo ni anwani ya IPv6. Seva yenu ina anwani mbili, ya zamani mnayoijua na hii mpya, na inapokutana na mpokeaji anayekubali IPv6, Postfix inaweza kutokea mlango huo. Rekodi yenu inataja `ip4` tu, kwa hiyo mlango wa pili hauna ruhusa, na kwa kuwa mmemalizia na `-all`, yaani "wengine wote hawaruhusiwi", mpokeaji anaandika kwamba imeshindwa. Yawezekana mliipata mlipoboresha mfumo wa seva.

Mna njia mbili. Ya kwanza ni kuongeza `ip6:` yenye anwani hiyo kwenye SPF, kisha kuiomba kampuni mnayokodi seva kwao waiwekee rekodi ya PTR, yaani ile inayotafsiri anwani ya IP kuwa jina. PTR haiwekwi kwenye DNS ya domeni yenu. Anaiweka mwenye anwani, naye ni yule aliyewakodisha. Jina hilo likitafsiriwa tena lirudi kwenye anwani ile ile, na liwe ndilo jina ambalo Postfix inajitambulisha nalo inapopiga hodi. Gmail ni wakali hasa kwa IPv6 isiyo na PTR. Njia ya pili, ambayo naipendelea kwa chama kisicho na mtu wa kuangalia seva kila siku, ni kuiambia Postfix itumie mlango mmoja:

`inet_protocols = ipv4`

Mstari huo unakaa kwenye `main.cf`, na baada ya kuubadilisha uizime Postfix na kuiwasha upya, kwa maana kusoma mipangilio upya pekee hakutoshi. PTR ya anwani ya zamani nayo ihakikiwe.

Ukiwa hapo, angalia pia kama anwani yenu imo kwenye orodha za Spamhaus, shirika linaloorodhesha anwani zinazohusishwa na barua taka. Ukurasa wao wa kuulizia unatosha. Ukikuta imo kwenye ile inayoitwa PBL, usishtuke, kwani hiyo si orodha ya wahalifu; ni ya anwani ambazo hazikutarajiwa kutuma barua moja kwa moja, na kuna utaratibu wa kuomba kutolewa. Ukiikuta kwenye SBL au XBL, hapo kuna kazi, kwa sababu maana yake kuna barua taka au programu hasidi iliyoonekana ikitoka kwenye anwani hiyo, na kuomba kutolewa kabla ya kuziba tundu ni kujirudisha huko huko.

Nyuzi_Saba

Kabla Katibu hajafurahia `dmarc=pass` akakimbilia `p=reject`, naomba asubiri. Aongeze kwanza `rua=mailto:` yenye anwani ya kupokelea ripoti, kisha akae na `p=none` kwa wiki kadhaa. Ripoti huja kwa kawaida mara moja kwa siku kutoka kwa kila mpokeaji mkubwa, zikiwa faili za XML, na zitakuonyesha kila seva inayotumia jina la chama chenu. Karibu kila taasisi huikuta humo moja iliyosahauliwa: programu ya uhasibu inayotuma ankara, au mfumo wa usajili wa mikutano.

Kuna pia wanachama wanaoelekeza barua zao kutoka anwani ya kazini kwenda ya binafsi. Barua ikielekezwa hivyo, SPF huvunjika, kwa sababu sasa inatoka kwenye seva ya kazini kwao ambayo rekodi yenu haiitambui. DKIM huvumilia safari hiyo mradi barua isiguswe. Kwa hiyo lakiri ndiyo ya kuitegemea kuliko SPF, na asiweke `reject` mpaka ripoti zimwonyeshe kwamba kila anachotuma kimepigwa lakiri.

Katibu_wa_Chama

Nimechagua njia ya pili ya Mlinzi, na leo stakabadhi zinaonyesha `pass` zote tatu. Anwani yetu haimo kwenye orodha yoyote ya Spamhaus. PTR ilikuwa bado na jina la jumla la kampuni iliyotukodisha, nao wameibadilisha nilipowaandikia.

Ila wanachama wanne kati ya kumi niliowapigia simu wanasema stakabadhi ya leo bado imeangukia kwenye taka. Je, kuna kitu kimebaki?

Mama_Jarida

Muda ndio umebaki, na kazi ya kuutumia vizuri. Kwa miezi miwili wapokeaji wamekuwa wakiandika kumbukumbu mbaya kwa jina lenu, na kumbukumbu hiyo haifutwi kwa kurekebisha DNS. Hujengwa upya kwa barua zinazopokelewa, kufunguliwa na kujibiwa. "Si taka" mnayowaomba wanachama wabonyeze inasaidia hasa kwenye kikasha cha yule aliyebonyeza, kwa hiyo endeleeni kuwaomba, lakini msiitegemee iwasafishe kwa wengine wote.

Ningekushauri jarida ulihamishie kwenye domeni ndogo, kwa mfano `habari.chama.example`, na stakabadhi pamoja na nenosiri zibaki kwenye domeni kuu. Hapo toleo moja la jarida likiwachosha watu, stakabadhi haitabeba lawama yote. Domeni ndogo mpya haina sifa mbaya wala nzuri, kwa hiyo usianze kwa kuwaandikia watu wote 1,800 siku moja. Anza na wale unaojua kwa hakika wanakusoma, uongeze taratibu kila toleo.

Na unapowachagua, usitegemee takwimu za barua zilizofunguliwa. Tangu mwaka 2021 programu ya barua ya Apple huweza kupakua picha mapema bila msomaji kufungua chochote, kwa hiyo barua inahesabika imesomwa na mtu ambaye hajaiona. Tumia vitu vya kweli: aliyelipa ada, aliyebonyeza kiungo, aliyekujibu.

Katibu_wa_Chama

Mama Jarida, nimekaa na orodha hiyo usiku wa jana mpaka saa sita, na swali lako la kwanza limenifunua macho. Nilipohama nilipakia faili mbili pamoja: ya wanachama walio hai, na ya kila mtu aliyewahi kujisajili kwenye mkutano wetu wowote. Hii ya pili sikuwa na ruhusa ya kuitumia kwa jarida, na nimeifuta yote. Kwenye ya kwanza, anwani 41 zilikuwa zimerudi na jibu la `550 5.1.1`, yaani hazipo tena, na kampuni ilikuwa ikinionyesha kila mwezi bila mimi kuangalia. Nazo nimeziondoa.

Waliolipa ada mwaka huu ni 312. Toleo lijalo litakwenda kwao tu, kutoka kwenye domeni ndogo, likiwa na vichwa viwili vya kujiondoa na kiungo kikiwa juu ya barua badala ya chini. Yule mwanachama aliyekosa kuchagua wajumbe nimemwandikia mwenyewe nikamweleza kilichotokea, na muda wa kiungo cha nenosiri nimeuongeza kutoka dakika 30 hadi saa 24 mpaka tutakapokuwa na hakika kwamba barua zinafika. Ripoti ya kwanza ya DMARC imeingia asubuhi hii, na ndani yake kuna anwani moja ya IP inayotumia jina letu ambayo bado sijaijua ni ya mfumo gani. Nitaifuatilia kwa mweka hazina kesho, kisha nitarudi hapa na jibu.